Michirizi ya kahawia inamaliza mihogo na dawa ya kupulizia haipo. Tujadili kinga ya ndani ya mmea

Mgani wa Pwani

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mjadala wa GMO, yaani mazao ya uhandisi jeni, humu jukwaani unaishia kwenye mahindi na makampuni ya mbegu ya Marekani. Leo naomba tuongelee muhogo, tena ugonjwa mmoja tu, michirizi ya kahawia. Nafanya kazi ya ugani huku Pwani, na huu ndio ugonjwa unaonikera kuliko yote kwa sababu unamwacha mkulima afanye kazi yote kwanza, ndipo umwonyeshe.

Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi wa muhogo, unaiona mapema. Jani linajikunja, linapata mabaka ya njano, mmea unadumaa, na mwenye shamba anajua ana tatizo. Michirizi inajificha. Shamba linasimama kijani mpaka juu, majani ya chini tu ndiyo yana unjano unaofuata mishipa, na watu wengi wanadhani jani limezeeka. Kwenye sehemu changa ya shina unaweza kuona vistari vya kahawia ukiangalia kwa makini. Mwenye shamba anapalilia, anasubiri, anang'oa. Muhogo kwa nje ni mzima, pengine una kibonyeo kidogo mahali kama umekabwa. Ukiukata vipande unakuta madoa ya kahawia, makavu, magumu, yameingia ndani ya nyama. Sehemu hiyo haifai kuchemsha wala makopa. Mnunuzi wa lori anakata mihogo miwili mitatu ya mfano, anakuta madoa, anapanda gari anaondoka. Hata haongei bei.

Sasa historia kidogo, maana wengi hawajui kuwa magonjwa haya yaliandikwa kwa mara ya kwanza hapa kwetu. Batobato iliripotiwa na Mjerumani Warburg mwaka 1894 kutoka Usambara. Michirizi ya kahawia ilielezwa na Storey mwaka 1936 kutoka kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini michirizi ni ya ukanda wa chini tu, Pwani na kando ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2004 ikaonekana Uganda, kwenye miinuko ambako haikutegemewa, na baada ya hapo imetembea Kanda ya Ziwa, magharibi mwa Kenya, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo.

Kwa nini hatupulizii dawa tukamaliza? Kwa sababu ni virusi, tena aina mbili tofauti. Virusi vikishaingia kwenye mmea shambani, hakuna dawa dukani ya kuvitoa. Unaweza kupambana na nzi weupe wanaovisambaza, lakini uniambie ni mkulima gani wa ekari moja ya muhogo anaweza kununua dawa ya wadudu ya kupulizia msimu mzima, kwenye zao ambalo tunalipendea kwamba halidai gharama? Na nzi mweupe si ndiye msafirishaji mkubwa wa masafa marefu. Virusi vya michirizi anakaa navyo kwa muda mfupi tu. Wanaovipeleka mbali ni sisi. Shemeji amekuja msibani, ameona mihogo imesimama vizuri, anafungiwa mzigo wa pingili anaondoka nao mpaka wilaya nyingine. Majani hayasemi kitu, na anayetoa anatoa kwa wema.

Ndiyo maana nasema kinga lazima iwe ndani ya mmea wenyewe. Na hili si wazo la jana. Pale Amani, tangu miaka ya 1930, walichavusha muhogo na ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira wa Ceara ambao mpaka leo unaota wenyewe maeneo ya Tanga, wakitafuta kinga. Kazi ile ndiyo iliyotupa aina ya muhogo ya Namikonga, ambayo Kenya wanaiita Kaleso. Watafiti wa leo wanaotafuta kinga dhidi ya michirizi bado wanarudi kwenye Namikonga. Karibu miaka 90, bado tunakula jasho la wale watu.

Tatizo ni kwamba uchavushaji wa muhogo ni kazi ya miaka mingi, na mara nyingi unachopata si kinga kamili. Chukua aina ya Kiroba, ambayo wengi huku tunaipenda. Virusi vinaingia ndani yake, vinaishi, ila mizizi haiharibiki sana. Kwa mwenye shamba ni nafuu kubwa na siisemi vibaya. Ila pingili zake zikienda kwa jirani mwenye aina dhaifu, nzi anafanya kazi yake, na yule jirani ndiye anayekata muhogo wenye madoa.

Ndipo inapoingia njia ya pili. Mmea una ulinzi wake wa asili dhidi ya virusi. Ukikutana na RNA (kemikali inayobeba maelekezo ya jeni) ya nyuzi mbili, ambayo virusi huitengeneza vinapozaliana, unaikatakata vipande vidogo, kisha unatumia vile vipande kutambua na kuharibu kila RNA inayofanana navyo. Shida ni kwamba ukiwa haujajiandaa, unachelewa. Watafiti wakachukua kipande cha maandishi ya jeni ya ganda la virusi, kutoka aina zote mbili za virusi vya michirizi, wakakiweka kwenye muhogo kwa namna ambayo mmea unakaa tayari na vile vipande kabla virusi havijafika. Ni sawa na mlinzi aliyepewa picha ya mwizi mapema. Hapo hakuna sumu iliyoongezwa, na kipande hicho hakikusudiwi kutengeneza protini mpya.

Muhogo huo upo. Umefanyiwa kazi na taasisi za umma za utafiti wa kilimo, KALRO ya Kenya na NARO ya Uganda, pamoja na kituo cha Donald Danforth cha Marekani, chini ya mradi unaoitwa VIRCA. Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayoteknolojia ya Kenya iliutolea idhini ya kutoka kwenye uzio wa majaribio na kuingia majaribio ya kitaifa ya aina za mbegu. Ulikuwa muhogo wa kwanza duniani wa uhandisi jeni kupata idhini ya namna hiyo. Sisi, ambao ugonjwa uliandikwa kwa mara ya kwanza kwetu, tunasoma habari zake kwenye simu.

Msimamo wangu nauweka wazi ili tusizungushane. Nataka njia zote zijaribiwe kwenye udongo wetu, na watafiti wetu, mbele ya wakulima wetu. Na nataka pingili ibaki mali ya mkulima, aikate, aipande, ampe shemeji. Vyote viwili kwa pamoja. Kimoja bila kingine sikitaki.

Naomba kuwasilisha.

---

Kisamvu cha Nazi

Shukrani sana kwa uzi huu, mkuu. Mimi nipo Mkuranga. Hiyo ya mnunuzi kukata mihogo ya mfano na kuondoka ni maisha yetu kabisa. Mwaka jana mama mkubwa aliuza shamba zima kwa bei ya kuni, maana mnunuzi alishajua hana pa kwenda. Swali langu: kisamvu cha mti wenye michirizi kinadhuru mtu?

---

Mgani wa Pwani

Hapana dada yangu. Virusi hivi ni vya mimea, havimshiki binadamu. Hasara ipo kwenye mizizi na kwenye mbegu ya msimu ujao. Pole kwa mama mkubwa. Hizo pingili zake asizirudishe shambani hata kama majani yalikuwa mazuri.

---

Mtetezi wa Mbegu

Mkuu, umeandika kwa nia njema na nimeusoma wote. Naomba nipinge kwa hoja.

Moja, unasema mkulima abaki na pingili yake. Nani anakuhakikishia? Teknolojia ina wenyewe. Leo wanagawa bure, kesho mmiliki anabadilika.

Mbili, virusi vinabadilika. Ukipanda nchi nzima mmea unaotegemea kumtambua adui kwa maandishi yake, adui akibadilisha maandishi umebaki na nini? Wazee walikuwa wanachanganya aina tano sita kwenye shamba moja. Ule ulikuwa ulinzi.

Tatu, Tanzania tulishajaribu. Makutupora, Dodoma, mahindi ya kustahimili ukame yalipandwa kwenye uzio mwaka 2016, na Novemba 2018 wizara ikaagiza majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Serikali haikufanya vile bila sababu.

Sipingi sayansi. Napinga kumpelekea mkulima kitu asichoweza kukirudisha.

---

Chupa na Agari

Niko maabara ya tishu, naomba nichangie mawili matatu, kwa sababu hoja ya pili ya Mtetezi ni ya kweli na wataalamu wenyewe wanaifahamu.

Mfano mzuri ni papai la Hawaii. Miaka ya 1990 virusi vya madoa-pete viliingia Puna, eneo lililokuwa likitoa mapapai mengi ya visiwa vile, na mashamba yakaanza kwisha. Dennis Gonsalves na wenzake walikuwa wameshaanza kazi mapema, wakaweka jeni ya ganda la virusi kwenye papai. Mwaka 1998 wakulima wakapewa mbegu. Papai aina ya Rainbow likaokoa kilimo kile na watu wanalila mpaka leo. Lakini Rainbow hilohilo, likikutana na virusi vya papai kutoka nchi nyingine ambavyo maandishi yake yametofautiana sana na vya Hawaii, kinga inapungua au inashindwa. Kwa hiyo hauwezi kulichukua ukalipanda Tanga ukalala usingizi.

Kwa muhogo hali ni hiyohiyo. Kati ya virusi viwili vya michirizi, kimoja kimeonekana kubadilika kwa kasi kuliko mwenzake. Mtu anayekuambia mmea huu utakinga milele hajui anachosema. Ndiyo sababu ya kupima kwenye virusi vya hapa, siyo kusubiri matokeo ya jirani.

Jambo la pili, ambalo watu wa nje ya maabara hawalisikii sana. Ili kuweka jeni kwenye muhogo unapitisha tishu kwenye hatua ambapo seli zinarudishwa nyuma mpaka zinaanza kutengeneza viini vipya, ndipo unakuza mmea. Ikagundulika kwamba aina zenye kinga ya batobato inayotokana na mihogo ya Afrika Magharibi, zikipita njia hiyo, zinaipoteza ile kinga. Fikiria uchungu wake. Umefanya kazi ya miaka, una mche ambao michirizi haiugusi, unaupeleka shambani, unapigwa na batobato. Ikabidi njia iwe ni kuchavusha ule mmea na aina zenye kinga ya batobato ili mtoto apate vyote. Mwaka 2022 watafiti waliitambua jeni inayohusika na ile kinga, ni mabadiliko madogo kwenye kimeng'enya kinachonakili DNA ya mmea wenyewe. Hilo linafungua mlango wa kuirudisha kwa kuhariri herufi chache, bila kuingiza chochote cha kigeni.

Na tusisahau kwamba bayoteknolojia siyo GMO peke yake. Hapa tunafanya kazi kila siku ambayo haina ubishi wowote. Tunachukua aina anayoipenda mkulima ambayo imechafuka kwa virusi, tunaipa joto, tunakata ncha ndogo kabisa ya chipukizi ambako virusi havijafika, tunaikuza kwenye chupa, tunaipima kwa PCR, kipimo kinachoonyesha kama virusi bado vipo. Ikitoka safi, inarudi shambani ileile, ladha ileile. Mkulima anapata zao lake bila kubadilishiwa jeni hata moja.

---

Mtetezi wa Mbegu

@Chupa na Agari nakushukuru kwa ukweli wako. Hiyo ya kusafisha aina za zamani ndiyo ningependa fedha ziende huko kwanza.

---

Chupa na Agari

Nakuelewa, na mimi naipenda kazi hiyo. Ila kusafisha hakuachi kinga. Mche uliotoka kwenye chupa ukipandwa katikati ya mashamba yenye ugonjwa na nzi weupe wengi, misimu michache umeshachafuka tena. Ndiyo maana tunavihitaji vyote.

---

Mzee wa Muleba

Vijana, salaam. Mnaongelea mihogo, mimi naomba mtusikie na sisi wa migomba.

Mnyauko huu wa bakteria uliingia Uganda mwaka 2001, Mukono, na miaka michache baadaye ukafika Kagera. Niliuona kwenye kibanja changu. Ua dume linanyauka, ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, na ukikata tunda ndani ni rangi ya kutu. Ukikata shina ukalisubiri kidogo, unatoka usaha wa njano. Mgomba ukipata hivyo hauna mjadala. Kwetu kibanja si shamba tu, ni kaburi la baba na chakula cha jioni. Watu walilia.

Tulifundishwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, tusitumie panga, kwa sababu wadudu wanaofuata lile ua ndio wanaobeba bakteria. Tukafundishwa kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Kuliko kung'oa kishina chote, unakata mgomba mmoja ulioonyesha dalili na kuendelea kufuatilia. Inasaidia, siwadanganyi, lakini inataka kijiji kizima kifanye. Jirani mmoja mvivu anawaangusha wote.

Nasikia kituo cha utafiti cha Kawanda, Uganda, walipata mgomba wenye kinga. Hivi ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini hatuuoni?

---

Mgani wa Pwani

Shikamoo mzee wangu. Pole sana kwa kibanja.

Ni kweli. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, wakiongozwa na Leena Tripathi, pamoja na NARO ya Uganda, waliweka kwenye mgomba jeni mbili kutoka pilipili hoho. Jeni hizo zinaufanya mmea uue haraka seli zake pale bakteria anapoingilia, asipate njia ya kusonga mbele. Migomba hiyo ilijaribiwa kwenye uzio pale Kawanda kuanzia mwaka 2010 na mingi ilistahimili vizuri.

Kwa nini hamuuoni: sheria. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa usalama wa bayoteknolojia Oktoba 2017, Rais Museveni akaurudisha. Ukapitishwa tena kwa jina jingine mwaka 2018, akaurudisha tena. Bila sheria, mgomba hauruhusiwi kuvuka uzio kwenda kwa mkulima. Watafiti wamebaki na kitu kinachofanya kazi na hawana mlango wa kukitolea.

Mgomba tunaokula, mzee, karibu hauna mbegu. Kuuboresha kwa uchavushaji ni kazi ngumu kuliko hata muhogo. Australia mwaka 2024 waliidhinisha ndizi ya Cavendish iliyowekewa jeni ya kinga kutoka mgomba pori wa Asia, dhidi ya ule mnyauko wa Panama aina mpya. Ugonjwa huo uligundulika Msumbiji mwaka 2013, nchi jirani yetu kabisa. Jeni imetoka mgomba kwenda mgomba. Hilo nalo tunaliogopa kwa kiwango kilekile?

---

Mzee wa Muleba

Marahaba. Nimekuelewa. Mimi ningeupanda, ila ningeanza na migomba michache pembeni, niione inazaa mara ngapi na ebitoke vyake vina ladha gani. Mgomba ukiwa na kinga lakini ndizi ikawa ngumu kwenye sufuria, wake zetu watauacha tu.

---

Nyuki wa Kilifi

Jameni, mimi niko Kenya, wacha niwaelezee ya huku kwa sababu watu wanadhani tayari tunakula muhogo wa GMO kila mahali. La.

Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012, baada ya kuchapishwa ule utafiti wa Ufaransa uliodai kwamba mahindi ya GMO yanawaletea panya uvimbe. Mwaka uliofuata jarida lenyewe liliuondoa utafiti ule, lakini marufuku ikabaki miaka kumi. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaiondoa. Tangu hapo ni kesi baada ya kesi mahakamani. Huku Pwani kilichojaribiwa ni muhogo kwenye uzio wa KALRO Mtwapa. Mtu wa kawaida hajaingia na jembe.

Wanaonilaumu mimi ni wale wanaotaka kila kitu haraka. Mimi naona kesi si mbaya. Huko ndiko mwananchi anapouliza maswali na mtu anajibu chini ya kiapo. Kinachoniuma ni kwamba mahakamani wanaongea mahindi ya kuagizwa kutoka nje, biashara kubwa, na muhogo wa mama wa Ganze unabebwa kwenye gunia hilohilo. Ni vitu viwili tofauti. Mahindi ya kuagizwa yanamgusa mfanyabiashara. Pingili yenye kinga inamgusa yule anayeamka saa kumi na moja kwenda shamba.

---

Mtetezi wa Mbegu

Nyuki umenena. Lakini bado swali langu la kwanza halijajibiwa. Mwenye teknolojia ni nani na mkulima ana karatasi gani mkononi?

---

Mgani wa Pwani

Nalijibu. Wenye mradi wa VIRCA wametangaza kwamba hawatatoza ada ya teknolojia na kwamba mkulima atahifadhi na kugawa pingili kama kawaida. Taasisi za utafiti za umma ndizo zilizo mbele, si kampuni ya mbegu. Na muhogo wenyewe kwa maumbile unamkinga mkulima. Mahindi chotara ukirudia mbegu yanapoteza nguvu, hivyo unarudi dukani. Muhogo ukikata pingili unapata mmea uleule wa mama yake. Kampuni haioni biashara hapo, ndiyo maana hata haziji.

Lakini kutangaza si mkataba. Hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia. Siku ambayo Tanzania itafikiria kuupokea, sharti la kwanza liwe maandishi yanayosema mkulima ana haki ya kutunza, kugawa na kuuza pingili, na haki hiyo haiondoki hata mmiliki akibadilika. Iandikwe kwenye kibali chenyewe, isomwe kijijini kwa Kiswahili kabla ya pingili ya kwanza kushuka kwenye gari.

Kuhusu Makutupora, mimi sijafurahishwa na namna ilivyoisha. Kama mahindi yale yalikuwa na kasoro, tuonyeshwe kasoro. Kama hayakuwa nayo, tuonyeshwe pia. Kilichotakiwa ni matokeo kuwekwa mezani mkulima wa Dodoma ayaone, ndipo uamuzi utoke. Tulibaki na uamuzi bila maelezo ya kutosha, na kila upande ukajaza pengo kwa maneno yake.

---

Binti wa Makunduchi

Assalaam alaykum. Mimi nina wasiwasi wa dini na wa afya, nauliza kwa heshima. Kuchanganya virusi kwenye chakula si kuingilia maumbile?

---

Chupa na Agari

Waalaykum salaam dada. La dini siwezi kulitolea hukumu, waulize masheikh, ila wape maelezo kamili ili wajibu juu ya kitu chenyewe.

La maumbile naweza kusema haya. Mtu anayekula muhogo wenye batobato au michirizi, au papai lenye madoa-pete, tayari anakula virusi hivyo vizima vizima, kwa wingi, na vizazi vimekula. Kipande kilichowekwa ni kidogo na hakiwezi kujenga kirusi. La pili, jeni huingizwa kwa kutumia bakteria wa udongo anayeitwa Agrobakteria, ambaye kazi hiyo huifanya mwenyewe porini. Mwaka 2015 wanasayansi walichapisha kwamba viazi vitamu vya kawaida, hivi tunavyochemsha asubuhi, vimebeba jeni za bakteria huyo ambazo ziliingia zenyewe zamani sana. Watu wamevila maelfu ya miaka.

Hiyo haimaanishi kila GMO ni salama kwa sababu ya viazi vitamu. Kila mmoja unapimwa peke yake. Muhogo una sianidi, sumu yake ya asili, kwa hiyo cha kwanza ambacho mimi ningetaka kukiona kwenye ripoti ni kiwango cha sianidi kwenye mizizi na kwenye kisamvu, ikilinganishwa na mama yake ambaye hakuwekewa kitu.

---

Binti wa Makunduchi

Nashukuru, umenijibu bila kunidharau. Huku Unguja tunapanda Kizimbani na Machui, ni mbegu za utafiti wa kawaida na zimetusaidia. Nitaendelea nazo.

---

Viazi Njombe

Wakuu, kwetu adui ni bakajani, ule ugonjwa wa viazi. Msimu wa mvua ukiwa na ukungu unapulizia kila wiki, wakati mwingine mara mbili. Dawa ya ukungu inakula faida yote, na vijana wanapuliza bila barakoa wala glavu, shati limelowa mgongoni. Halafu tunakaa kuogopa jeni! Nimesikia kuna kiazi cha Uganda kisichohitaji dawa, mnakifahamu?

---

Mgani wa Pwani

Ni kiazi cha Victoria ambacho kituo cha kimataifa cha viazi, CIP, na NARO walikiwekea jeni tatu za kinga kutoka viazi pori vya Mexico na Argentina. Kimejaribiwa Uganda kwenye uzio na kimesimama bila kupuliziwa dawa ya bakajani. Kwa nini tatu? Kwa sababu bakajani ni mjanja, jeni moja huivunja. Ikibidi avunje tatu kwa mpigo, kazi inakuwa ngumu zaidi. Hapo ndipo lile swali la pili la Mtetezi linapopata jibu la kiutafiti, kinga iwe na tabaka.

Na hilo la vijana na shati lililolowa, asante kwa kulisema. Tunapojadili hatari ya mmea mpya, tupime pia hatari tunayoipulizia kila Jumatatu. Waambie hao vijana wavae barakoa na wabadilishe nguo kabla ya kula, tafadhali sana.

---

Mtetezi wa Mbegu

Sawa. Mimi sijahama, lakini naandika hapa ninachoweza kukubali: majaribio kwenye uzio yafanyike, ndani ya vituo vya TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, wakulima waalikwe kuona wakati wa kung'oa na wakate wenyewe mihogo. Matokeo yatangazwe yawe mazuri au mabaya. Aina za asili zihifadhiwe kwanza kabla ya kitu kipya kuingia. Na mti wa mpira wa Ceara uchunguzwe, kwa sababu kama wazee wa Amani waliweza kuuchavusha na muhogo, chavua ya muhogo mpya nayo inaweza kuufikia.

---

Chupa na Agari

Hoja ya mpira ni nzuri na inapaswa kuwa kwenye orodha ya tathmini. Uchavushaji ule wa Amani ulifanywa kwa mkono, porini hutokea kwa nadra zaidi, lakini unatokea. Aliyeko Tanga anaijua ile miti iliyofanana na muhogo iliyopanda juu.

---

Kisamvu cha Nazi

Nimejifunza mengi. Sasa mimi wa Mkuranga, mvua zinakaribia, hayo ya uzio na mahakama yataisha lini sijui. Nifanye nini msimu huu?

---

Mgani wa Pwani

Dada, fanya hivi.

Usichukue pingili kwa kuangalia majani peke yake. Nenda kwa mwenye shamba siku anapong'oa. Kila mti unaotaka mbegu yake, kata mizizi yake yote vipande vipande kuanzia juu mpaka ncha. Ukikuta hata doa moja, shina hilo liache. Mizizi ikiwa misafi na shina halina vistari vya kahawia, chukua sehemu ya katikati ya shina.

Kama unaweza kugharamia, nunua kwa wakulima wa mbegu za mihogo waliokaguliwa na TOSCI, wathibitishaji wa ubora wa mbegu, dai lebo. Ofisi ya kilimo ya wilaya au TARI Kibaha watakuelekeza nani yuko karibu nawe. Shamba jipya usiliweke ubavuni mwa shamba la zamani. Miezi mitatu ya kwanza pita mara kwa mara uking'oa kila mche wenye batobato au wenye unjano kwenye mishipa ya majani ya chini, uuteketeze. Simu yako ikiwa nzuri, pakua programu ya Nuru, inasoma dalili kwenye jani kwa kamera na inaongea Kiswahili, ila kwa michirizi usiitegemee peke yake.

Mama mkubwa naye asipande zile za zamani. Mpe sehemu ya pingili zako ukishapata safi, na mpande mashamba yenu wote kwa wakati mmoja. Nitumie ujumbe ukishajua siku ya kung'oa huko unakochukulia, nikipata nafasi nitakuja tukate mihogo pamoja.